Maoni ya umma katika kutunga sheria nchini Kenya: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yanahusu Kenya chini ya Katiba ya 2010. Swali la mwisho linagusa Tanzania, kwa sababu wasomaji wa huko huuliza. Ukiwa na haraka na tarehe ya mwisho iko mlangoni, anzia swali la 6 na la 7.

## Mambo ya msingi

1. Ushirikishwaji wa umma ni nini, na umeandikwa wapi?

Ni wajibu wa chombo cha dola kuwaarifu watu kuhusu jambo linalopendekezwa na kuwapa nafasi ya kweli ya kusema neno kabla uamuzi haujafungwa. Kifungu cha 10 cha Katiba kinauhesabu miongoni mwa maadili ya kitaifa, kwa hiyo unamfunga kila anayetunga sheria, anayeitafsiri au anayetekeleza sera. Kifungu cha 118 kinalibana Bunge, cha 196 kinayabana mabunge ya kaunti, cha 201 kinahusu fedha za umma, na cha 69 mazingira.

Chini ya Katiba ziko Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012, na sheria ya 2013 inayosimamia kanuni zinazotungwa na mawaziri. Miswada ya kutunga sheria moja ya jumla imewasilishwa bungeni zaidi ya mara moja ikafia njiani. Ndiyo maana sehemu kubwa ya majibu hapa chini inatoka kwenye hukumu.

2. Wengi wakikataa mswada, wabunge wanalazimika kuuacha?

Hapana, na hapa ndipo watu wengi huvunjika moyo. Kikao cha maoni si kura ya maamuzi. Sheria inadai upewe nafasi, na kwamba ulichosema kisomwe na kupimwa kwa nia njema. Haidai kikubaliwe. Katika kesi ya makaa ya mawe ya bonde la Mui, Kitui (2015), Mahakama Kuu ilieleza kuwa haki hii haikuwekwa ili kumpokonya mwenye mamlaka kazi yake ya kuamua.

Lakini hukumu hiyohiyo ina upande wa pili ambao maafisa hupenda kuusahau: anayeathirika zaidi na uamuzi anastahili kusikizwa zaidi. Mradi ukihamisha kijiji, kikao kilichofanyika katika hoteli ya mji mkuu wa kaunti, mbali na wanakijiji, hakitoshi hata kama ukumbi ulijaa.

3. Mahakama hupimaje kama ushirikishwaji ulikuwa wa kweli?

Kipimo kinachotumika sana ni cha Mahakama ya Juu katika kesi ya kampuni ya tumbaku ya British American Tobacco dhidi ya Wizara ya Afya, iliyoamuliwa Novemba 2019. Kampuni ilidai haikushirikishwa vya kutosha katika kanuni za tumbaku za 2014. Ilishindwa, lakini katika kuikatalia mahakama iliweka mwongozo. Jambo linalojadiliwa liwe wazi. Utaratibu wa kushiriki uwe rahisi kueleweka. Pande zote zipate nafasi ya kushawishi, uwakilishi uwe mpana, mchakato uwe wa uwazi, na umma uelimishwe kwanza kuhusu jambo lenyewe.

Hilo la mwisho lina uzito kuliko linavyoonekana. Kumpa mkulima mswada wa kurasa mia asubuhi na kumwomba maoni adhuhuri hakumwelimishi.

Mahakama pia ilisema kila kesi itapimwa kwa mazingira yake, na kwamba ushirikishwaji unahitaji vyote viwili, wingi na ubora. Usitegemee hoja ya idadi peke yake.

4. Ni lazima niwe raia? Na nikiwa ughaibuni?

Vifungu vya 118 na 196 vinazungumzia umma, havisemi raia pekee. Kampuni, kanisa, chama cha ushirika au mkazi wa kigeni anaweza kupeleka maoni. Mkenya aliyeko Doha au Minneapolis hutuma kwa baruapepe iliyotajwa kwenye tangazo, na maoni yake yana uzito uleule. Mpaka wa uraia unakuja kwenye haki ya kupata habari (swali la 9), ambayo Katiba imeitoa kwa raia.

5. Naweza kutumia Kiswahili?

Ndiyo. Kiswahili ni lugha ya taifa na, pamoja na Kiingereza, ni lugha rasmi chini ya Kifungu cha 7. Tatizo ni kwamba miswada huandikwa kwa Kiingereza, na ukiandika hoja ya kisheria kwa Kiswahili karani anaweza kuifupisha vibaya. Dawa yake ni kunakili namba ya kifungu na maneno yake kama yalivyo kwenye mswada, kisha kueleza hoja yako kwa Kiswahili. Kwa mdomo kikaoni, zungumza lugha unayoimudu na uombe mkalimani mapema.

## Kupeleka maoni

6. Nitajuaje kuna jambo liko wazi kwa maoni?

Bunge la Taifa na Seneti hutangaza magazetini na kwenye tovuti zao. Kaunti hutumia tovuti, redio za eneo, mbao za matangazo za wadi na machifu. Usingoje tangazo likufikie, kwa sababu mambo ya fedha yana kalenda na mwaka wa fedha huanza Julai 1. Kaunti hupeleka mpango wa maendeleo wa mwaka kwa bunge lake kufikia Septemba 1, mkakati wa fedha kufikia Februari 28, na makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30. Mswada wa Fedha wa kitaifa husikizwa zaidi Mei.

Kwa bajeti ya kaunti, anayejitokeza Mei amechelewa: viwango vya kila idara vilishawekwa kwenye mkakati wa Februari. Zahanati ambayo haikuingia kwenye mpango wa Septemba ni shida kuipatia pesa Mei, hata ukumbi mzima ukipiga kelele.

7. Memoranda (maoni yako kwa maandishi) iandikweje ili isomwe?

Ukurasa wa kwanza: unamwandikia nani (kwa kawaida Karani wa Bunge), jina kamili la mswada na namba yake, wewe ni nani, na mswada unakugusa vipi. Aya mbili zatosha.

Kisha chora jedwali la safu nne: kifungu, tatizo lake, maneno unayopendekeza, na sababu. Kamati huandaa ripoti yake kwa mpangilio unaokaribiana na huo, na anayerahisisha kazi ya karani hunukuliwa. Safu ya tatu ndiyo inayoachwa tupu mara nyingi. «Kodi hii ni kubwa mno» ni lalamiko. «Kifungu cha 12: ondoa asilimia 5, weka asilimia 2» ni pendekezo, na kamati italazimika kulikubali au kulikataa.

Weka ushahidi mfupi wa kila sababu: risiti, bei, hesabu ya biashara yako. Vifungu vitatu vilivyochambuliwa vizuri vinafanya kazi kuliko thelathini vilivyoguswa juujuu. Malizia kwa kuomba nafasi ya kuzungumza mbele ya kamati ikiwa unaitaka.

Tuma kwa anwani zote zilizo kwenye tangazo, kabla ya saa iliyotajwa. Mara nyingi ni saa kumi na moja jioni. Ukipeleka kwa mkono, beba nakala mbili na upigiwe muhuri wa kupokelewa kwenye yako. Kumtumia mbunge au MCA (mwakilishi wa wadi katika bunge la kaunti) ujumbe wa WhatsApp si kuwasilisha memoranda. Muhuri au baruapepe iliyotumwa ndiyo utakayoonyesha mahakamani (swali la 15).

8. Kikaoni nifanye nini?

Fika ukiwa na hoja moja au mbili zilizoandikwa, kwa sababu muda wa msemaji hupimwa kwa dakika. Taja jina lako, eneo lako na kifungu unachozungumzia, kisha mkabidhi karani maandishi yako.

Angalia orodha ya waliohudhuria kabla ya kuitia sahihi. Orodha hiyo itatolewa mahakamani kuthibitisha kwamba umma ulishirikishwa. Ukiikuta haina kichwa, tarehe wala mada, andika mambo hayo juu ya ukurasa wewe mwenyewe au ukatae kuitia sahihi. Iwapo mswada haukugawiwa, sema hivyo kwa sauti na uombe iingizwe kwenye kumbukumbu. Nauli na soda haziharamishi kikao, ingawa kikao kilichoisha kwa soda bila mswada kusomwa kina kasoro.

9. Nimeambiwa nitoe maoni lakini sipati mswada wala ripoti. Nifanyeje?

Tumia Sheria ya Kupata Habari ya 2016. Andika ombi kwa Kiswahili au Kiingereza kwa afisa mkuu wa taasisi, ukitaja waraka unaoutaka kwa jina. Asiyejua kuandika huomba kwa mdomo na afisa huandika kwa niaba yake. Hakuna ada ya kuwasilisha ombi. Unaweza kutozwa gharama halisi ya kunakili.

Taasisi ina siku 21 za kuamua. Ikiwa habari inahusu uhai au uhuru wa mtu, ni saa 48. Wanaweza kujiongezea siku 14, mara moja tu, ikiwa habari ni nyingi au inahitaji mashauriano. Wakikukatalia, una siku 30 za kupeleka shauri kwa tume inayojulikana kama Ombudsman.

Siku 21 mara nyingi ni ndefu kuliko muda wa maoni wenyewe. Peleka ombi hata hivyo, na siku hiyohiyo mwandikie Karani kuomba muda wa maoni uongezwe. Barua hizo mbili zinathibitisha kwamba uliomba kuelimishwa na hukuelimishwa.

10. Siku ngapi zinatosha?

Katiba haitaji idadi. Mahakama huangalia uzito wa mswada, urefu wake, na kama dharura inayodaiwa ipo kweli. Siku tatu zinaweza kutosha kwa marekebisho ya neno moja na zikawa dhihaka kwa sheria ya ardhi. Kwa kanuni za mawaziri kuna kipimo cha sheria. Tazama swali la 12.

## Kaunti, kanuni na miradi

11. Kaunti ilitangaza gazetini mara moja tu. Hiyo inatosha?

Kaunti ya Kiambu ilijaribu. Sheria yake ya Fedha ya 2013 ilibatilishwa na Mahakama Kuu mwaka 2014, katika kesi ambayo mawakili bado huinukuu karibu kila wiki. Jaji alisema bunge la kaunti linapaswa kutumia njia nyingi iwezekanavyo, akitaja makanisa, misikiti, mahekalu, mabaraza na redio za kitaifa na za lugha za kienyeji. Ukitaka kulinganisha kaunti yako na kipimo hicho, andika njia zilizotumika, tarehe, na siku zilizobaki hadi kikao.

12. Waziri ametunga kanuni bila kuuliza mtu. Kuna njia?

Ipo, na mara nyingi ni rahisi kuliko kupigana na sheria ya Bunge. Sheria ya 2013 iliyotajwa kwenye swali la 1 inamtaka mtunga kanuni ashauriane na watakaoathirika kabla ya kuzitunga. Kanuni zikiwa na uwezekano wa kuleta gharama kubwa kwa jamii, lazima iandaliwe taarifa ya athari na umma upewe angalau siku 14 za kutoa maoni. Baada ya kuchapishwa, kanuni hupelekwa bungeni ndani ya siku saba za vikao. Zisipopelekwa hupoteza nguvu.

Hivyo una milango miwili. Iandikie kamati ya Bunge inayoshughulikia kanuni na uiombe izifute, ukiambatisha ushahidi kwamba hukushauriwa. Wakati huohuo, hakiki tarehe ya kuwasilishwa bungeni. Kanuni nyingi huangukia hapo, kwa kosa la karani wa wizara.

13. Na miradi mikubwa, kama kiwanda au bandari?

Hapa utaratibu unapitia tathmini ya athari za mazingira inayosimamiwa na NEMA, mamlaka ya kitaifa ya mazingira. Mwekezaji hutakiwa kutangaza kwa mabango, magazeti na redio, na kufanya angalau mikutano mitatu na watakaoathirika. Ripoti ikikamilika, NEMA huitangaza ili watu waipinge au waiunge mkono. Leseni ikitolewa nawe hukuridhika, rufaa huenda kwa Jopo la Kitaifa la Mazingira ndani ya siku 60.

Mfano wa kujifunza ni Lamu. Mtambo wa umeme wa makaa ya mawe wa megawati 1,050 ulipewa leseni mwaka 2016, na Juni 26, 2019 Jopo likaifuta. Wakazi hawakuhitaji kuthibitisha kwamba makaa ni mabaya ili washinde hoja ya ushirikishwaji. Mikutano ilikuwa imefanyika, ila ilikuwa ya kuutambulisha mradi kabla utafiti haujakamilika, kwa hiyo watu hawakuwa wameona athari walizoombwa kuzitolea maoni. Ukikagua mradi wa kwenu, weka tarehe za mikutano pembeni ya tarehe ya ripoti.

Lamu hiyohiyo, mwaka 2018, Mahakama Kuu iliamuru wavuvi walipwe shilingi bilioni 1.76 kutokana na ujenzi wa bandari. Kukosekana kwa habari na ushirikishwaji kulikuwa miongoni mwa ukiukaji uliothibitishwa.

14. Je, naweza kuanzisha jambo mwenyewe badala ya kungoja kuulizwa?

Ndiyo, kwa ombi rasmi kwa Bunge chini ya Kifungu cha 119. Andika kwa Kiswahili au Kiingereza, bila maneno yaliyokatwa na kuandikwa juu. Eleza hatua ulizokwisha kuchukua na majibu uliyopata. Sema kama suala liko mahakamani. Weka jina, anwani, namba ya kitambulisho na sahihi au alama ya kidole. Mengi hukwama kwa kukosa hatua zilizochukuliwa awali, basi iandikie ofisi husika kwanza na utunze barua.

## Mahakamani

15. Nani anaweza kushtaki, na anahitaji nini mkononi?

Yeyote. Vifungu vya 22 na 258 vinamruhusu mtu kwenda mahakamani kwa niaba yake, ya wengine au ya maslahi ya umma. Kanuni za mahakama za 2013 zinaruhusu hata barua ya kawaida kupokewa kama ombi, ingawa mwenye wakili huenda mbali zaidi. Katika kesi za maslahi ya umma majaji mara nyingi huacha kila upande ubebe gharama zake, japo hawalazimiki; kesi ya kipuuzi inaweza kukugharimu.

Kesi hizi hushinda au hushindwa kwa karatasi. Serikali itakuja na tangazo la gazeti, orodha za sahihi, picha za ukumbi na ripoti ya kamati. Usipokuwa na chako, neno lako litapimwa dhidi ya faili nene. Ambatisha tangazo lenye tarehe, memoranda yako na muhuri wake, barua za kuomba mswada, ripoti ya kamati, na kumbukumbu rasmi za mjadala bungeni. Kisha linganisha: memoranda yako imetajwa kwenye ripoti? Hoja yako ilipotoshwa? Kutotajwa kabisa ni ushahidi bora kuliko kukataliwa.

16. Nishtaki mswada ukiwa bado bungeni?

Majaji husita kuingilia kazi ya Bunge kabla haijaisha, na ombi la mapema hutupwa kwa kuwa halijaiva. Kwa kawaida, jiandae mapema na uwasilishe mara sheria inapotiwa sahihi, pamoja na ombi la amri ya muda ya kuzuia utekelezaji. Ukikaa miezi, utaulizwa haraka yako ilikuwa wapi.

17. Hubatilika sheria nzima au kipande?

Vyote vimetokea. Katika kesi ya BBI (mpango wa kubadili Katiba), Machi 31, 2022, Mahakama ya Juu iliona ushirikishwaji kwa jumla ulifanyika, isipokuwa kwa jedwali la maeneobunge mapya 70, ambalo umma haukupata nafasi ya kulitolea maoni. Kosa lilikuwa la kipande, na mahakama ikalipima kama kipande. Mahakama inaweza pia kubatilisha na kusimamisha makali ya hukumu kwa miezi kadhaa ili Bunge lirekebishe. Usiahidi watu marejesho ya kodi waliyokwisha kulipa, ni nadra.

18. Vifungu vilivyochomekwa baada ya vikao vya maoni vinahesabiwaje? Na Bunge lazima litoe sababu za kukataa maoni yangu?

Maswali haya mawili yaligongana katika kesi ya Sheria ya Fedha ya 2023. Julai 31, 2024 Mahakama ya Rufaa iliibatilisha sheria yote, ikiona pamoja na mengine kwamba vifungu vipya havikurudishwa kwa umma na kwamba Bunge halikueleza kwa nini lilikataa maoni. Oktoba 29, 2024 Mahakama ya Juu iligeuza uamuzi huo. Ilisema marekebisho yanayotokana na maoni yenyewe hayahitaji kuanza duru mpya, na kwamba hakuna sharti la wazi la kutoa sababu za maandishi kwa kila pendekezo, ingawa kufanya hivyo ni utaratibu mwema. Ililihimiza pia Bunge kutunga sheria ya ushirikishwaji.

Kwa hiyo hoja ya «kifungu hiki ni kipya» haitoshi tena. Onyesha kwamba ni kigeni kabisa: hakuna aliyekipendekeza, hakihusiani na jambo lililotangazwa, na kinamtwika mtu mzigo mpya. Chapa mswada wa awali na sheria iliyotiwa sahihi, uviweke sambamba.

19. Wasomi wa sheria wanabishania nini?

Kubwa ni kama mahakama ziishie kukagua utaratibu au ziingie kwenye matokeo. Wanaotetea utaratibu, wakifuata njia iliyofunguliwa na Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini mwaka 2006 katika kesi ya Doctors for Life, wanasema jaji hakuchaguliwa kuamua kodi iwe ngapi, ila anaweza kuhakikisha mlipa kodi alisikizwa. Wapinzani wao wanajibu kwamba ukaguzi wa utaratibu umezaa mchezo wa kuigiza: ukumbi, orodha, picha, kisha mswada uleule.

Hoja ya pili ina mashiko zaidi kwa maoni yetu, hasa baada ya Juni 2024, vijana walipoingia barabarani kupinga Mswada wa Fedha ambao vikao vyake vya maoni vilikuwa vimefanyika. Rais alikataa kuutia sahihi Juni 26, siku moja baada ya waandamanaji kuingia bungeni. Hata hivyo tiba wanayopendekeza baadhi yao, ya jaji kupima uzito wa kila hoja iliyokataliwa, ingeigeuza kila memoranda kuwa rufaa. Sharti la Bunge kutoa sababu fupi lingekuwa njia ya kati. Kwa sasa halipo (swali la 18).

20. Tanzania je?

Ibara ya 21(2) ya Katiba ya Tanzania ya 1977 inampa kila raia haki ya kushiriki kwa ukamilifu katika kufikia uamuzi juu ya mambo yanayomhusu au yanayolihusu taifa. Kamati za Bunge huwaita wadau, lakini mswada ukija kwa hati ya dharura muda wa wadau huwa mfupi mno, kama ilivyokuwa kwa sheria za maliasili za 2017.

Tofauti kubwa imekuwa mahakamani. Marekebisho ya 2020 ya sheria inayosimamia kesi za haki za msingi yalimtaka mlalamikaji aambatishe hati ya kiapo inayoonyesha jinsi yeye binafsi alivyoathirika; hakiki kwanza kama sharti hilo bado linatumika. Chini ya sharti hilo, kesi ya Kiambu isingefunguliwa kirahisi Dodoma na mtu asiyelipa ada husika. Likiwa bado linatumika, tafuta kwanza mlalamikaji mwenye leseni, risiti au shamba lililoguswa, ndipo uandike hoja ya ushirikishwaji.